Samaki Kajeruhiwa, Kapsuli ya Nini?

Ukurasa wa maswali ya wafugaji wa samaki wa mapambo. Anayejibu ni bwana samaki mstaafu, Mikindani.

*SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi niko Chuno, hapa Mtwara. Nina tangi la kioo la lita 60, nililinunua Dar es Salaam nikaja nalo kwa basi nimelipakata njia nzima. Ndani nina mbuna wanne, wa njano na wa bluu, na samaki wa dhahabu mmoja wa mkia mrefu, ambaye ndiye kipenzi cha binti yangu. Juzi asubuhi tumemkuta mkia umebaki nyuzinyuzi, ubavu wa kushoto magamba yamebanduka, na pana wekundu wa ukubwa wa ukucha. Amejibanza nyuma ya filta, chakula hataki. Jirani ananiambia nifungue kapsuli ya tetrasaiklini niimwage ndani. Aliyeniuzia samaki anasema kwa simu niweke ile dawa ya bluu na nipandishe hita. Shemeji yangu kasema chumvi. Nimechanganyikiwa, sijaweka kitu mpaka sasa. Nianze na lipi? — Baba Binti, Chuno*

JIBU: Marahaba mwanangu. Huko kutoweka kitu ndiko kumemsaidia kuliko ushauri wote uliopewa, ukiacha wa shemeji yako ambaye tutamfikia.

Kwanza kabisa, aliyemng'ata unaye humohumo. Mbuna ni samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, ukoo mmoja na perege na sato, na dume lake likishajichagulia jiwe, kila anayekatiza mbele yake ni mwizi. Samaki wa dhahabu ni mzito, mpole, anapenda maji ya baridi, na mkia wake unapepea kila anapogeuka. Kumweka na mbuna ni kumpeleka bibi harusi kwenye ulingo wa ngumi akiwa na shela lake. Ukimtibia humo, kila utakachokijenga mchana kitang'atwa usiku, maana mbuna akishaonja kidonda hakiachi.

Kwa hiyo mtoe leo. Usitumie kile kiwavu cha dukani: uzi wake unakwangua, na mkia uliochanika unanasa humo ukazidi kuchanika. Chukua bakuli la plastiki, lizamishe polepole, msogeze kwa mkono mwingine mpaka aingie mwenyewe, kisha mnyanyue pamoja na maji yake. Ikibidi umguse, lowesha mkono kwanza. Ule utelezi ulio juu ya mwili wa samaki si uchafu. Ni kinga yake dhidi ya vijidudu, na kiganja kikavu kinaubandua.

Wodi yake iwe beseni kubwa au ndoo ya lita 20, mpya, ambayo haijawahi kuonja sabuni, rangi wala mafuta ya taa. Mimi napenda beseni, kwa sababu uso wa maji ni mpana na hewa inaingia vizuri. Nusu jaza maji ya tangi lake, nusu maji yaliyolala. Tia mpira wa pampu ya hewa na jiwe lake. Usiweke mchanga wala kokoto, uache sakafu tupu ili kinyesi kionekane na mabaki ya chakula yaonekane. Kipande cha bomba la plastiki, au chungu kidogo kilicholazwa, kinamtosha kujificha. Samaki hana kope za kufumba, kwa hiyo zima taa na beseni likae mahali penye kivuli.

Lifunike, kwa sababu samaki aliyetishwa anaruka. Ila nisikilize vizuri hapa: usifunike kwa chandarua. Vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa hiyo ni sumu kali mno kwa samaki. Maji ya kile chandarua yakidondoka kwenye beseni, unaweza kuwa umemaliza kazi ya mbuna. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kupuliza. Chumba chenye beseni kisipulizwe kabisa, maana pampu inavuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini. Tumia kitambaa chepesi cha pazia, au wavu wa kawaida wa dirishani, ubane kwa vibanio vya nguo.

Sasa maji, ambako ndiko kwenye tiba yenyewe. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana ndipo uyatumie, na ukiyatilia pampu ya hewa yanakuwa tayari mapema zaidi. Kama nyumbani mnatumia kisima, klorini haipo, ila maji yakitoka tu chini huwa na hewa haba, nayo yalale. Isitoshe maji ya visima vyetu vya pwani, hasa huku Mikindani kwenye mwamba wa matumbawe, ni magumu, yamejaa chokaa. Sufuria ya chai inakuonyesha, angalia ukoko mweupe chini.

Chokaa si mbaya, mbuna wanaipenda. Tatizo lake liko kwenye amonia, na hesabu yake inatuonea sisi watu wa pwani. Samaki anatoa amonia kila saa, nyingi kupitia matamvua. Ndani ya maji amonia hiyo inakaa kwa sura mbili, moja haina madhara makubwa, nyingine inachoma matamvua na kidonda. Maji yenye pH ya 7 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji, na chokaa huipandisha) na joto la nyuzi 30, sehemu inayochoma haifiki hata 1 katika kila 100. Yakiwa na pH ya 8.2 kwa joto lilelile, inafika kama 11 katika kila 100. Samaki ni yuleyule, na amonia aliyoitoa ni ileile. Kwenye tangi lako kuna bakteria waliojijenga kwenye sponji ya filta, wanaigeuza amonia hiyo kuwa nitriti na kisha nitrati. Kwenye beseni hawapo. Ndiyo maana nakwambia badilisha theluthi ya maji kila siku, bila kukosa, na akianza kula nyonya kinyesi kwa mpira mwembamba asubuhi na jioni. Ukikata kipande cha sponji ya filta yako kikubwa kama kiberiti ukakitupia karibu na jiwe la hewa, umemhamishia na bakteria wachache wa kuanzia.

Hita iondoe. Anayekwambia upandishe joto anasoma maelekezo yaliyoandikiwa watu wa nchi za baridi, ambako maji ya tangi bila hita yanashuka mno. Hapa kwetu kuanzia Novemba maji ya sebuleni yanakuwa vuguvugu yenyewe. Samaki wa dhahabu raha yake ni nyuzi 18 hadi 24. Na maji ya moto yanabeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja inashika kama miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 inashuka mpaka 7 na nusu. Mgonjwa anayehema kwa shida unamnyang'anya pumzi. Halafu kuna bakteria mmoja maarufu wa vidonda vya samaki, *Flavobacterium columnare*, ambaye joto ndilo linalomchangamsha. Weka beseni chini kwenye saruji, mbali na friji na televisheni, na feni ipitishe upepo juu ya maji. Barafu usitie, mshtuko wa baridi ya ghafla nao unaua.

Shemeji yako sasa. Chumvi ni kweli, na sababu yake inafaa uijue ili usizidishe. Mwili wa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari, una chumvi nyingi kuliko maji anayoogelea, kwa hiyo maji yanapenya kuingia ndani yake mchana kutwa, na figo zake zinafanya kazi ya kuyatoa kwa mkojo. Gamba na utelezi vinapunguza upenyo huo. Pale ubavuni magamba yalipobanduka pana dirisha wazi: maji yanaingia zaidi, chumvi ya mwili inatoka, na samaki anamaliza nguvu zake kutoa maji badala ya kuziba kidonda. Ukiongeza chumvi kidogo kwenye beseni, tofauti ya ndani na nje inapungua, naye anapumua.

Kipimo ni gramu 2 kwa lita. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu, kinabeba takriban gramu 6. Lita 20 zinataka gramu 40, yaani vijiko sita na zaidi ya nusu hivi. Usivimwage juu ya samaki. Koroga kwenye jagi la maji yaleyale ya beseni mpaka iyeyuke yote, kisha gawa mara tatu: asubuhi, mchana, jioni. Chumvi ya jikoni inafaa hata ikiwa na madini joto, mradi haina viungo vilivyochanganywa. Na kumbuka chumvi haipai hewani na maji. Ukichota lita 7 ukaweka lita 7 mpya, chumvi unayorudishia ni ya lita 7 tu, vijiko viwili na robo. Wengi wanatia kipimo kizima kila siku na wiki ikiisha samaki anaogelea kwenye mchuzi.

Tetrasaiklini mrudishie jirani, na mwambie asante. Kwenye tangi inaua bakteria wa filta, ukabaki na samaki mgonjwa pamoja na amonia. Kwenye maji yetu ya chokaa inashikwa na madini ya kalisi na magnesi, nguvu yake inapotea kabla haijamfikia mgonjwa. Hapo umewafundisha vijidudu kuizoea dawa ya binadamu, halafu maji hayo unayamwaga nyuma ya nyumba. Kwa mkia uliochanika leo, bila usaha wala uozo, hakuna bakteria wa kutibiwa. Kuna jeraha.

Dawa ya bluu si mbaya kiasi hicho, lakini ni dawa ya ukungu, na hujaniambia umeona ukungu. Ukija kuuona, itumie kwenye beseni tu kwa kipimo cha chupa. Tangini inaua bakteria wale wale wa filta na kuipaka bluu gundi ya pembe za kioo, haitoki tena.

Chakula asipewe siku ya kwanza. Kukataa kula siku mbili tatu kusikutie hofu, samaki wa dhahabu ana akiba. Akitoka mafichoni, mpe kidogo sana, anachomaliza mbele ya macho yako. Mimi natumia mbaazi mbichi zilizochemshwa bila chumvi, namenya ganda, naponda kiini kwa kidole. Siku inayofuata uduvi wabichi kutoka soko la samaki la Feri, waliooshwa na kukatwakatwa. Viluwiluwi wa mbu kutoka pipa la maji ya mvua anawapenda kuliko vyote, na jirani zako watakushukuru. Kinachobaki kitoe hapohapo.

Kila asubuhi chuchumaa umwangalie kwa ubavu, kwa mwanga wa dirishani. Ukiona wekundu umepauka na kingo za kidonda zimekaza, anapona. Kwenye ncha za zile nyuzi za mkia utaona ukingo mwembamba, angavu, usio na rangi, karibu usiuone. Hilo ni pezi jipya. Rangi itakuja baadaye. Huenda pia pembeni mwa kidonda pakaingia weusi, wengi wanadhani ni kuoza wakakimbilia dawa. Kwa samaki wa dhahabu weusi huo mara nyingi ni alama ya ngozi inayojitengeneza, na unafifia wenyewe. Pezi linaota tena maadamu shina lake, pale linapoungana na mwili, halijaliwa. Mchaniko mdogo ni wiki moja au mbili, mkia ulioliwa nusu ni miezi. Gamba nalo huota, pengine lisikae sawasawa na wenzake.

Dalili za kubadilisha mpango ni hizi. Manyoya meupe yanayopepea juu ya kidonda ni ukungu, hapo ndipo bluu. Utando wa kijivu uliolala, hasa mgongoni au mdomoni, unaopanuka kati ya asubuhi na jioni, ni yule bakteria wa joto. Maji mengi mapya, joto lishuke, na umtafute daktari wa mifugo akuandikie dawa na kipimo. Mistari myekundu inayopanda mkiani kuelekea mwilini, hali kadhalika.

Akipona asirudi kwa mbuna. Mtafutie tangi lake. Na wale mbuna wanne ndani ya lita 60, samahani mwanangu, ukimwondoa wa dhahabu watamgeukia mdogo wao. Mbuna wanataka lita 200 na kuendelea, mawe mengi yenye mapango, na wawe wengi kiasi kwamba ukorofi wa dume unagawanyika. Kama huna nafasi, wapeleke kwa mwenye nafasi. Najua utamu wao, rangi ile hata baharini utaitafuta, lakini binti yako amekwisha kuchagua samaki wake.

*SWALI: Mzee, za Mikindani? Huku Mtanda, Lindi, tuna betta mmoja kwenye chupa kubwa ya mezani. Jana mke wangu amemkuta sakafuni chini ya meza, mavumbi yamemganda, hatujui alikaa muda gani. Tulipomrudisha majini akaanza kupumua. Leo anaogelea upandeupande na jicho moja lina ukungu. Atapona? — Msomaji, Mtanda*

JIBU: Njema, ndugu yangu. Bahati yenu ni kwamba ni betta. Huyo ana kiungo cha ziada kichwani cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo mradi matamvua hayajakauka anastahimili nchi kavu kuliko samaki wengi. Kuogelea upandeupande siku ya kwanza ni uchovu na michubuko. Mteremshie maji yawe na kina kifupi, kama upana wa kiganja, asitaabike kupanda juu kuvuta hewa. Tia chumvi gramu 1 kwa lita, nusu ya kile nilichomwambia Baba Binti hapo juu.

Mavumbi yaliyobaki msiyapanguse kwa kidole wala kitambaa. Yaacheni, utelezi mpya utayasukuma yatoke. Jicho nalo: ukungu wa jicho moja baada ya kuanguka kwa kawaida ni mkwaruzo wa juu, na maji safi ya kila siku yanautosha. Macho yote mawili yangeingia ukungu ningekuambia kasoro iko kwenye maji.

Akirudia tena kuzimia, msimshike mkia na kumvuta mbele na nyuma majini, naona watu wanafanya hivyo. Maji yanapaswa kuingia mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Kumvuta kinyumenyume ni kuyarudisha yalikotoka. Mshikilie kwa kiganja kilicholowa, mdomo ukiangalia viputo vya pampu.

Na chupa ifunikeni.

*SWALI: Sisi Newala maji yetu ni ya mvua, tunayakinga kwenye kisima cha saruji. Je, yanafaa kwa samaki mgonjwa? Na kaka yangu anayekuja kutoka Mtwara kila mwezi anaweza kuniletea dumu la maji ya bahari badala ya kununua chumvi? — Kijana wa Newala*

JIBU: Maji ya mvua hayana klorini, hilo ni jema, lakini yakishuka kutoka kwenye bati hayana madini karibu yoyote. Maji ya namna hiyo pH yake haina kitu cha kuishikilia, inaweza kuanguka kwa siku chache samaki akichafua. Kisima chenu cha saruji kinawasaidia, kwa kuwa saruji inayeyusha chokaa kidogo kidogo. Ila kisima kipya kinatoa chokaa kupita kiasi na pH inaruka juu; kama kimejengwa mwaka huu, msikitumie kwa samaki mpaka kimejazwa na kumwagwa mara kadhaa. Kwa yaliyokingwa kwenye pipa la plastiki, tupia kwenye beseni vipande vichache vya makombe yaliyooshwa na kuchemshwa. Kaka yako akuletee hayo.

Maji ya bahari kwa hesabu yanawezekana. Lita moja ina kama gramu 35 za chumvi, kwa hiyo lita moja ndani ya 17 za maji baridi inakupa zile gramu 2. Lakini dumu lililochotwa karibu na gati lina mafuta ya boti na vijidudu vyake, na baada ya saa kadhaa kwenye jua la barabara ya Newala litanuka. Pakiti ya chumvi bei yake ni ndogo. Chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya pwani nayo nzuri, iyeyushe pembeni, iache ituame, umimine ya juu na matope yabaki chini.

*SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea, darasani tuna tangi. Samaki mmoja alibanwa na jiwe lililoanguka. Tumemtenga, tumembadilishia maji kila siku, chumvi tumetia. Sasa tumbo limevimba, magamba yamesimama mwili mzima, amelala chini siku ya nne haamki. Watoto wananiuliza. Nifanyeje? — Mwalimu*

JIBU: Mwalimu, magamba kusimama mwili mzima maana yake figo zimeshindwa na maji yamejaa ndani. Akiwa pia haamki wala hali, sijui tiba ya nyumbani itakayomrudisha, na kumwacha hivyo ni kumtesa.

Nunua mafuta ya karafuu yaliyo halisi. Chota nusu mililita kwa kila lita ya maji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiyadondoshe hivyohivyo, yataelea. Yatie kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu kidogo, funga, tikisa mpaka yawe meupe, kisha ndiyo umimine kwenye chombo chenye maji ya samaki mwenyewe. Atalala usingizi, kisha matamvua yatasimama. Usimtoe hapo; mwache nusu saa nzima zaidi, kwa sababu anaweza kuonekana amekufa naye amelala tu. Mfukieni. Msimtupe mtoni wala bwawani, magonjwa ya tangini yasiende kwa kambare na perege wa watu, na paka msimpe.

Watoto waambie ukweli. Na mawe ya tangi siku nyingine yakae juu ya kioo cha chini moja kwa moja, mchanga umwagwe baadaye. Yakisimama juu ya mchanga, samaki wanachimba na yanaanguka.

*SWALI: Shikamoo babu. Tulikwenda Msimbati, maji yalipokupwa tukamkuta bunju mdogo kwenye dimbwi, pezi limekatika. Nimemleta nyumbani kwenye ndoo ya maji ya bahari. Nataka nimtibu halafu nimfuge. Nimtie chumvi kiasi gani? — Mjukuu, darasa la sita*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Usimtie hata punje. Yote niliyosema hapo juu ni ya samaki wa maji baridi. Samaki wa bahari mambo yake ni kinyume: mwili wake una chumvi pungufu kuliko bahari, maji yanamtoka, naye anakunywa maji ya bahari ili afidie. Ukimwekea maji ya bomba anakufa, na ukimzidishia chumvi pia anakufa. Ndoo bila filta, maji ya bahari yanaharibika upesi.

Tena Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Samaki wa pale hachukuliwi kwenda kufugwa, hata akiwa na pezi lililokatika. Pezi lake litaota hukohuko.

Mwambie baba au mama mrudi naye leo, maji yakiwa yanajaa. Njiani ndoo iwe kivulini na uchote maji kwa kikombe uyarudishe kutoka juu, ili yapate hewa. Mkifika, zamisha ndoo nzima ndani ya bahari mpaka atoke mwenyewe. Usimnyanyue nje ya maji kumwonyesha mtu jinsi anavyovimba: bunju akijijaza hewa badala ya maji, mara nyingine anashindwa kuitoa, anabaki anaelea tumbo juu. Ana sumu pia ndani ya mwili, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, na ile ndoo isirudi jikoni.